Lisipotoa Moshi Halipandi

Jumatatu, Februari 6

Nimekasirika mpaka kahawa hainishuki.

Daktari ndiye alianza kuiharibu siku. Mtoto wa Jovelyn amekaa kitako tumboni, kichwa juu, kama mgeni anayesubiri kuletewa chai. Hageuki tena, daktari anasema, nafasi imeisha. Kwa hiyo asizalie nyumbani, wala zahanati ya huku juu. Aje hospitali ya mjini Ijumaa tarehe 24, apasuliwe. Uchungu ukimwanza kabla, aje papo hapo. "Msisubiri," akaniambia mimi, kana kwamba mwenye mimba ni mimi. Jovelyn akaitikia kwa kichwa tu. Mwanangu huyu hata akiungua hasemi.

Sawa. Tukatoka. Hatujayamaliza mashamba ya stroberi, tunasimamishwa — wale watu wa kupima moshi, wenye vizibao vya njano. Wanachomeka mpira wao kwenye ekzosi, wanakanyaga mafuta, mashine inaandika. Mashine ikaandika vibaya. Msichana mmoja mwenye barakoa akaniinamia dirishani, kwa adabu kabisa: "Mama, gari lenu linaua watu."

Kwa adabu! Nikamwambia humu ndani kuna mtu hajazaliwa bado, na gari hili ndilo litakalomfikisha hospitali. Wewe utamfikisha na nini, na hako kaubao kako ka kuandikia? Alipio, mume wangu, akanifinya paja. Jovelyn akageukia dirisha la upande wa pili, aibu imemjaa.

Wamefungua namba za gari, mbele na nyuma, wameondoka nazo. Namba tutarudishiwa gari likifaulu kipimo. Tena leseni yenyewe inaisha mwezi huu huu — namba yetu inaishia na mbili, mwezi wetu ni wa pili. Wametupa kikaratasi cha kuturuhusu kwenda kwa fundi na kwenda kwenye kituo cha kupima moshi. Basi. Tukikutwa kwingine kokote, gari linakokotwa.

Nikamuuliza yule msichana, na hospitali? Akasema hospitali ni kwingine kokote.


Jumanne, Februari 7

Baridi. Umande umeganda juu ya kabichi, shamba lote jeupe. Asubuhi gari halikuwaka. Alipio alilimwagia maji ya moto, akalibembeleza, akalitukana, likawaka. Moshi ukajaa bonde zima. Nguo zangu nilizoanika jana usiseme.

Lakini nitasema kweli, maana hapa nasema na nafsi yangu. Moshi huo ndio unaotutoa humu bondeni. Nyumba iko chini, barabara kuu iko juu, na katikati kuna ile njia ya zege yenye kona tatu, mtu akiitazama anashika kifua. Miaka yote gari limepanda na kabichi mgongoni, jeusi nyuma kama jiko la kuni. Majirani wanafunga madirisha, tunapunga mikono, tunafika. Jovelyn alipanda nalo kwenda kubatizwa. Limemzidi umri.

Sasa eti linaua watu.


Alhamisi, Februari 9

Tumefeli.

Tulichelewa kwanza. Tumekwishakaa garini, Saturnino jirani yetu akapita akapiga chafya. Alipio akazima gari. Mtu akipiga chafya wakati unaondoka, unakaa kwanza, safari ipoe. Nami mila hiyo naijua, nimekulia ndani yake. Lakini leo nilikaa nikimtazama Saturnino kama ninayemtafuna. Akaomba radhi, akasema ni pilipili.

Kwa hiyo foleni tukaikuta ndefu. Kuna kijana wa kofia anazungukazunguka, anaongea na madereva kwa sauti ya chini. Kishoka. Akaja kwetu, akaniita mama mpenzi. Akasema kwa nini tunajitesa, gari letu lingepumzika nyumbani, yeye anapiga picha ya gari jingine lenye afya, anaandika namba yetu, cheti kinatoka. Gari lenyewe halihitaji hata kujua.

Alipio akanitazama. Nilimwona. Alikuwa anataka!

Nikamwambia kijana, cheti hicho nitakichomeka kwenye ekzosi? Maana wale wa vizibao hawachomeki mpira kwenye karatasi, wanachomeka kwenye gari. Watu kwenye foleni wakacheka. Kijana akasema mama huyu ana mdomo kuliko gari lake. Wakacheka zaidi. Hata mimi nilitaka kucheka ila sikuwa na nafasi ya kucheka.

Zamu yetu ikafika. Wanakanyaga mafuta mpaka mwisho, wanaachia. Wanakanyaga tena. Na tena. Gari linalia kama nguruwe anayejua kuwa leo ni leo. Alipio amefumba macho, anasema injini ya zamani ukiifanyia hivyo mkanda unaweza kukatika. Ekzosi ikatema wingu. Yule wa mashine akasogea nyuma, akajipepea kwa karatasi yetu, akatuambia turudi likishatengenezwa.

Njia nzima sikusema na Alipio. Ningesema ningelia, na mimi nikilia kwa hasira pua inavimba.


Ijumaa, Februari 10

Kila mtu leo ni fundi.

Saturnino anasema changanya mafuta ya taa kwenye dizeli. Mwenye duka anasema endesha gari kwa kasi mbali sana, masizi yatoke — niendeshe wapi, na kikaratasi cha kwenda kwa fundi tu? Mzee wa kanisa anasema ni ea klina, ile ya kuchuja hewa ya injini, imeziba. Hiyo niliielewa. Niliitoa ea klina mwenyewe, nikaifua kwa sabuni ya kipande, nikaianika kwenye kamba kati ya soksi za Alipio. Maji yalitoka meusi kama kahawa ya msibani. Alipio akaja akaikuta inaning'inia, akakaa chini. Akaniambia ile ni ya karatasi, haifuliwi.

Basi karatasi gani hiyo ikae kwenye gari? Niliishia darasa la nne, lakini najua kitu kichafu kinafuliwa. Kaenda kununua nyingine.

Nimeuliza magari mengine. Pikapu ya Saturnino anaiendesha mwanawe, wiki mbili hizi iko njia ya Manila na maua, watu wanapendana mwezi huu. Ambulansi ya wilaya ni moja. Nilimpigia dereva wake, mtu mwema, akasema mama, ikiwepo nakuja, isipokuwepo usinilaani. Abiria wa kawaida wanapata gari barabarani alfajiri. Sasa uchungu nao utaambiwa ufike alfajiri?

Limebaki hili hili letu.


Jumapili, Februari 12

Baada ya kanisa nilimkanda Jovelyn miguu. Imevimba kama viazi vya mbolea nyingi. Nilimpikia uji wa wali na tangawizi, akanywa bakuli mbili, nikafurahi kama mjinga.

Akaniuliza taratibu, "Mama, tusipofaulu?"

Nikamwambia tutafaulu. Akasema hakuuliza kama tutafaulu, ameuliza tusipofaulu. Nikamwambia ageuke nimkande mgongo.

Arnel akapiga simu kutoka melini, sijui bahari gani. Mkwe wangu ni mtoto mzuri ila yuko mbali mno na kabichi. Akasema mama, mkodi gari tu. Kwa nani? Nikamuuliza huku bondeni nimkodi nani, nikodi ng'ombe? Nikajua nimemfanyia ukatili. Yuko peke yake kwenye chuma, mke wake yuko hivi. Nikamwambia ale vizuri. Akasema naye anaogopa. Nikasema najua mwanangu.

Usiku wa leo nitamlaza Jovelyn chumbani kwangu. Alipio akalale na paka.


Jumanne, Februari 14

Tibursio amekuja! Binamu yake Alipio, fundi wa malori ya karoti. Tulikuwa tunamsubiri tangu Jumatano.

Alipoinua boneti tu akaniambia shemeji, nina njaa ya kufa. Nikaingia jikoni. Nikawakaangia nyama ile ya kukaushwa, ya kumfanya mtu aseme ukweli, nikachemsha kahawa. Nikatoka na sinia — wote wawili wakanyamaza. Hivyo hivyo, kama watoto waliokutwa na kitu mdomoni. Tibursio anafuta spana ambayo tayari ni safi.

Nikauliza vipi. Tibursio akasema tumesafisha. Nikauliza mmesafisha nini. Akasema mambo ya pampu, shemeji, mambo ya ndani. Alipio akasema kahawa nzuri. Miaka yote hii hajawahi kusema kahawa nzuri.

Wakaliwasha. Nikasimama nyuma kabisa, na shuka jeupe mkononi, nikaliweka mbele ya ekzosi. Alipio akakanyaga. Shuka likabaki jeupe! Nikamkumbatia Tibursio, grisi na yote. Jovelyn akapiga makofi dirishani.

Alipio peke yake hakufurahi. Nilidhani amechoka.


Alhamisi, Februari 16

LIMEFAULU.

Naandika kwa herufi kubwa kama lilivyoandikwa. Wamelikanyaga mara zote, halikutema kitu. Yule wa mashine akaangalia mashine, akaangalia gari, akaangalia mashine. Kishoka wa kofia akanipungia mkono kwa mbali, nikamtolea ulimi. Mwanamke wa umri wangu!

Namba tumerudishiwa, leseni tumepata, stika imebandikwa. Cheti nimekitia kwenye nailoni nikakibandika ndani ya kioo cha mbele, upande wangu, maandishi yatazame nje. Watu wa vizibao walikuwepo pale pale kwenye stroberi. Nilishusha kioo makusudi. Yule msichana wa barakoa akatupitisha kwa mkono. Hata hakunikumbuka. Nilikuwa na maneno tayari tangu wiki iliyopita, nimeyaandaa vizuri, yamenibaki kooni.

Kurudi tulichelewa sana. Gari linapanda taratibu, gia ya kwanza, gia ya pili, ya kwanza tena. Malori ya karoti yakatupita. Basi likatupigia honi mpaka nikaziba masikio. Hata baiskeli — hapana, baiskeli hapana, naongeza chumvi. Nikamuuliza Alipio lina nini. Akasema linazoea. Linazoea nini? Usafi, akasema.

Nilicheka. Nilikuwa na furaha, Mungu anisamehe, nikacheka.


Ijumaa, Februari 17

Jana tuliporudi Alipio aliliacha gari juu, kando ya barabara kuu, nyuma ya kibanda cha kupimia mboga. Akashuka kwa miguu na dumu la dizeli begani kama mtu aliyefukuzwa. Akasema ni breki. Nikasema breki zina nini, akasema hazina kitu ila ni vizuri zipumzike.

Mimi sijasoma lakini breki hazipumziki.


Jumamosi, Februari 18

Tumegombana, na nimeshinda.

Hatua za mawe kutoka hapa mpaka juu, mimi mwenyewe napumzika njiani. Mtu mwenye mimba ya mtoto aliyekaa kitako azipande? Uchungu ukimshika, apande kwa miguu mpaka kwenye kibanda cha mboga, ati breki zimepumzika? Nilisema yote hayo mlangoni, kila jirani amesikia. Nikamwambia Alipio gari la baba yako mwenyewe, limekuwa bibi harusi sasa, haliwezi kushuka nyumbani?

Akasema, "Mama Jovelyn, liache tu juu. Nisikilize mara moja." Nikasema nimekusikiliza miaka ishirini na sita. Akafungua mdomo. Nilimwona amefungua mdomo. Mimi nikaendelea kusema.

Akaenda akalileta. Likashuka kona zote tatu bila neno, taratibu, zuri, safi, halina moshi hata wa kufukuza mbu. Nikaliosha. Nikatandika godoro nyuma, blanketi mbili, beseni, mfuko wa Jovelyn, nguo za mtoto. Kofia yake ya sufu nimeifuma mimi, njano, maana hatujui kama ni wa kike au wa kiume.

Sasa niko tayari. Gari liko mlangoni. Acha Alipio anune.


Jumapili, Februari 19

Sijalala vizuri. Jovelyn anasema tumbo limekaza, limeachia. Anasema siyo uchungu. Anasema hivyo kwa sababu ya uso wangu.

Alipio amempigia Tibursio simu kutwa. Haipatikani. Mwenyewe kaenda tambarare, msibani kwa wakwe zake, huko wanakesha siku nyingi. Nikamuuliza Alipio unamtakia nini Tibursio, gari si limepona? Akasema anataka tu kumsalimia.

Mtu anapiga simu mara zote hizo kusalimia!


Jumatatu, Februari 20

Naandika garini. Mkono mmoja kalamu, mkono mmoja wa Jovelyn. Yeye ndiye kaniambia andika mama, ukiacha kuandika unamfokea baba na mimi kichwa kinaniuma.

Chupa ilipasuka asubuhi, natoka kukata kabichi. Alisimama mlangoni miguu imelowa, akaniambia samahani mama. Samahani! Mtoto huyu.

Tukampakia. Ambulansi imepeleka mtu upande wa pili wa mlima, dereva kaomba nisimlaani. Saturnino akatokea uani mwake — akapiga chafya. Alipio mkono ukamganda kwenye ufunguo. Nikamwambia washa. Akanitazama. Nikasema leo safari itapoa huko huko juu, washa.

Likawaka vizuri. Likaondoka vizuri. Kona ya kwanza likaanza kukohoa. Halafu likazima, hivi hivi, kama mtu anayelala. Likarudi nyuma nusu ya urefu wake, Alipio akavuta breki ya mkono, nikapiga kelele nisizotaka kuzikumbuka. Tukashuka, mimi na mizigo, akabaki Jovelyn tu. Wanaume wakaja wakasukuma, Saturnino na wengine kutoka mashambani, matope mpaka magotini. Likapanda mpaka kona ya pili. Likazima tena. Kona ya tatu ndiyo ile ya kushika kifua.

Na nyuma hakuna moshi. Hata kidogo. Safi kabisa. Nilisimama nyuma ya ekzosi nikaitazama, na hapo hapo, Mungu wangu, nikaelewa. Kabla hajanieleza.

Nikamwendea Alipio. Sikupiga kelele. Nilimuuliza Tibursio alifanya nini.

Kuna skrubu kwenye pampu. Ukiifungua, mafuta yanaingia mengi, gari lina nguvu na moshi. Ukiifunga, mafuta machache, moshi hakuna, nguvu hakuna. Tibursio aliifunga. Alisema likishapimwa arudi aifungue, watu wote wanafanya hivyo, malori yote ya karoti yanapimwa hivyo, yanafungwa asubuhi yanafunguliwa jioni. Halafu akaitwa msibani. Ndiyo maana Alipio aliliacha juu. Alijua likishuka halitoki.

Nikamuuliza kwa nini hukuniambia.

"Ulifurahi sana," akasema. "Ulikuwa umeshika lile shuka. Halafu Jumamosi nilitaka kukwambia, ukawa unasema."

Nilitaka kumpiga. Nilikuwa na beseni mkononi na nilitaka kumpiga nalo, mbele ya watu, hapo kwenye kona. Nikamwambia wewe na Tibursio mmenipikia uongo nikiwa nawapikia nyama. Nikamwambia mtoto akifa mlimani humu nitakula na nani meza moja. Hilo nimelisema. Jovelyn amelisikia. Nimelisema na siwezi kulirudisha.

Naye ana haki upande mmoja na hilo ndilo linanichoma zaidi. Alifungua mdomo Jumamosi. Nilimwona.


Bado Jumatatu. Uchungu umekuja, umeondoka. Jovelyn anauma blanketi, hasemi. Nimemwambia piga kelele mwanangu, mlima ni wetu, hakuna wa kumwonea haya. Akasema atapiga baadaye.

Saturnino amekuja na mianzi miwili na blanketi, na kiti cha plastiki cha kwake cha barazani. Kama walivyombeba marehemu mama mkwe wangu, kama tunavyobebana wote huku. Watu wanazidi kufika, hakuna aliyewaita. Wanawake wamekuja na chupa za kahawa. Saturnino kaniambia, "Dada, likigoma safari hii, tunambeba mpaka juu. Mikono ipo."

Mikono ipo. Najua ipo. Lakini juu kuna nini? Kibanda cha mboga. Tumweke juu ya mizani tusubiri lori la karoti? Hospitali haiko juu ya kona ya tatu, iko mbali huko chini kupita milima mingine yote. Ni lazima gari lipande. Hili.

Alipio ameingia chini ya boneti. Naiona miguu yake tu. Hajui Tibursio aliifunga kiasi gani. Ameizungusha kidogo, wakajaribu, likanguruma, likasogea urefu wa mtu mmoja, likazima. Ekzosi ikatoa kijimoshi chembamba. Sikuwahi kufikiri nitasimama barabarani nikiuambia moshi ongezeka baba, ongezeka.

Nikamwambia aizungushe yote. Akatoa kichwa, uso una grisi na macho mekundu. Akasema ikizungushwa yote gari litakuwa baya kuliko zamani, wale wa vizibao wapo njiani leo, Jumatatu wapo kila mara, watatusimamisha kwenye stroberi na kulikokota na Jovelyn ndani. Nikamwambia wasimamishe. Huyo msichana na aje. Na aniinamie dirishani kwa adabu yake. Nitamfungulia mlango wa nyuma, aangalie mwenyewe, halafu aniambie tena nani anaua nani. Namba zao wachukue, stika wachukue, gari lenyewe wachukue — likishafika. Si kabla.

Tena mtu wa kumlaumu simwoni vizuri. Yule msichana ana haki, moshi ule nimeuvuta mimi mwenyewe miaka yote, kifua cha Alipio kinapiga filimbi kila baridi. Kwani nisiyajue? Ila mlima nao haukusoma sheria.

Uchungu tena. Huu umekaa.


Jovelyn amepiga kelele. Wanawake wameweka chini chupa zao za kahawa.

Alipio amefunga boneti. Ameingia, ameketi, mikono miwili kwenye usukani, haigusi ufunguo. Shingo yake ina alama nyeusi ya vidole vyake. Akasema bila kugeuka, "Nimeifungua yote, Mama Jovelyn. Niwashe?"

Anasubiri. Hii miaka yote hajawahi kusubiri hivi.

Nimewaambia walio nyuma wafunge pua na midomo kwa vitambaa, wasikae mbele ya ekzosi, wasukume ubavuni. Saturnino ameweka mianzi yake kando ya njia, karibu, pa kufikia. Anataka kupiga chafya, namwona, amejiziba pua kwa mikono miwili, machozi yanamtoka. Jovelyn amenishika kidole kimoja tu, kile alichokuwa anakishika akiwa mdogo.

Cheti kiko pale kwenye kioo mbele yangu, kwenye nailoni, herufi kubwa zimetazama nje. Kwa ndani zinasomeka kinyume.

Nimemwambia washa.

Limewaka. Kioo cha nyuma kimekuwa cheusi, siwaoni tena watu wetu, nasikia kukohoa tu, na sauti ya Saturnino ikisema haya, wote, moja —